Wiki ya mawaridi: kutoka Uru hadi Namanga

Jumapili jioni, Uru

Kikao kimevunjika giza limeshaingia. Wanawake 23 wa vihamba vya juu, mashamba yetu ya nyumbani huku mlimani Kilimanjaro, tumebishana tangu ibada ilipokwisha, na jambo lenyewe ni moja tu: tung'oe mibuni tupande maua ya kupeleka nje, au tuiache? Aliyewasha moto ni mwenzetu ambaye mwanawe anafanya kazi kwenye mashamba ya maua ya Usa River, upande wa Arusha. Kijana alimtumia mama yake picha kwenye simu, mawaridi mekundu yamejaa ndoo, ndoo zimejipanga hadi mwisho wa banda, na ujumbe kwamba yote hayo wiki hiyohiyo yanapaa Ulaya. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Tangu siku hiyo kahawa imekosa mtetezi, kahawa ileile iliyomsomesha karibu kila aliyekaa pale, ambayo babu zetu waliiuza kupitia chama cha ushirika cha KNCU tangu 1933.

Nimechaguliwa niende nikaone kwa macho, kwa kuwa nilifundisha shule ya msingi miaka mingi na naandika haraka. Nimekabidhiwa nauli, daftari na maswali matatu. Maua yanataka nini? Yanalipa vipi? Sisi wenye robo eka tunaingilia mlango gani? Mwenyekiti wetu, bibi wa miaka 71, aliniongezea la nne nilipokuwa namsindikiza kwake. "Mwanangu, kaulize habari ya maji. Mfongo wetu unavyokuwa Januari unaujua mwenyewe." Mfongo ni mfereji wetu wa kuleta maji kutoka juu mlimani.

Jumatatu, njiani na Usa River

Kosta imetoka stendi ya Moshi saa mbili asubuhi. Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, kisha njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ambapo niligeuza shingo hadi barabara ya uwanjani ikapotea. Uwanja huo ulifunguliwa 1971. Nikapiga hesabu kichwani: toka Usa River hadi pale ni safari fupi ya gari, basi ua likikatwa asubuhi, jioni liko angani. Hesabu hiyo nimeiandika daftarini na sitaifuta.

Tulipita Maji ya Chai, na mto wake una rangi ya chai kweli. Wenyeji wa huku wanajulikana kwa meno yenye madoa ya kahawia. Ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuingia kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na sehemu nyingi za huku zinazidi. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuiondoa, na njia yao moja ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Nimefikia kwa mdogo wangu. Kabla sijakaa amenionyesha simtanki la maji ya mvua. "Ya bomba ni ya kufulia, dada. Ya kunywa na ya kupikia ni haya." Mumewe, shemeji yangu, ni dereva wa lori la baridi linalobeba maua. Ameniahidi kwamba Ijumaa nitapanda naye.

Jumanne, shambani

Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa getini. Aliyeniombea ruhusa kwa meneja ni msimamizi wa grinihausi mojawapo, mama wa Kimeru anayesali kanisa moja na mdogo wangu. Sharti lilikuwa moja, nisiandike jina la shamba. Nikakanyaga sifongo lenye dawa mlangoni, nikavaa koti na glavu za ngozi zinazofika kwenye kiwiko.

Ndani kulikuwa na joto la unyevu na harufu ya majani mabichi. Harufu ya waridi hakuna. Niliinama kwenye maua matano, sita, nikanusa, sikupata kitu. Waliozalisha aina hizi walitafuta shina refu na ua linalodumu kwenye chombo siku kumi hadi kumi na nne, na manukato yakapotelea njiani.

Mama akanifundisha kukata. Unalishuka shina kwa macho ukitafuta jani lenye vijani vitano, unakata juu yake kidogo. Kwenye kwapa la jani hilo kuna jicho, na jicho hilo ndilo litakaloleta ua jingine baada ya wiki sita hadi nane. Ua lenyewe linakatwa likiwa bado limefumba: vile vijani vya kijani vinavyolishikilia vimeshuka chini, petali moja au mbili za nje zimeanza kuachia, basi. Ukiliwahi, litainamisha kichwa kwenye chombo lisifunguke kamwe. Ukilichelewesha, litafika kwa mnunuzi limeshazeeka. Nikakata la kwanza. Akalizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, akalibonyeza tumboni taratibu kama mtu anayejaribu parachichi sokoni, akaliweka pembeni. "Hili limeshaamka, dada. Hili nenda nalo nyumbani." La pili nalo likakataliwa. La tatu akalipokea. Kidole gumba chake kimejaa vialama vyeupe vidogo vidogo, miiba ya miaka 14.

Maua yanaingia kwenye ndoo ya maji yenye dawa ya kuua bakteria, na ndoo haikai bandani. Mvulana wa toroli anapita kila baada ya muda mfupi, anaikimbiza chumba cha baridi, ambako ni nyuzi 2 hadi 4 usiku na mchana. Niliingia humo na kanga mabegani nikatoka meno yakigongana. Bwana shamba alinieleza mlangoni, na maneno yake nimeyapigia mstari. Ua likikatwa halijafa, linaendelea kupumua na kula sukari iliyobaki mwilini mwake. Kwenye joto linakula haraka haraka, kwenye baridi linakula kidogo. Kila saa linayokaa nje ya baridi ni sehemu ya umri wake imekwenda, na hairudishwi na jokofu lolote.

Nikamuuliza habari ya mlima, kwa sababu kijijini kwetu tunaamini kwamba tuna baridi ya bure. Alicheka kwa upole, kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akanieleza kama mwalimu. Kweli, nchi za milima ndizo zinazotamba kwa mawaridi. Ekuado wanalima Cayambe, karibu mita 2,800 juu ya bahari. Kolombia wanalima uwanda wa Bogotá, mita 2,600. Ethiopia walianza nyuma yetu, wakapanda kwenye nyanda za juu kama Holeta, serikali ikawapa wakulima ardhi na mikopo, na shirika lao la ndege likabeba. Ndani ya miaka michache wakawa wa pili Afrika baada ya Kenya. Usiku wa baridi unalichelewesha ua kukua, na ua linalokua polepole linakuwa na kichwa kikubwa na shina nene. Hapa Usa River, karibu mita 1,200, vichwa ni vya wastani ila mashina ni mengi.

"Sasa kwenu Uru," akasema, "urefu mnao. Jua mnalo?"

Nikanyamaza. Upande wetu wa kusini wa Kilimanjaro ndio unaopata mvua nyingi, na ukungu unaweza kukaa hadi saa tano asubuhi. Waridi lililolowa usiku na kuchelewa kukauka linashikwa na ugonjwa wa ukungu wa kijivu, ule unaoanza kama doa dogo kwenye petali na baada ya siku mbili ua lote ni uji. Kisha kuna kivuli cha migomba. Kihamba chetu kimepangwa tabaka kwa tabaka, mti mrefu, mgomba, mbuni, magimbi chini, na hekima yake yote ni kivuli. Waridi halitaki hekima hiyo.

Mchana nimekaa na binti anayewinda utitiri. Ana lenzi ndogo shingoni kwa kamba ya kiatu. Anageuza jani, anatazama, anaandika, anafunga utepe kwenye mstari wenye wadudu. Utitiri mwekundu ni mdogo kuliko punje ya chumvi, unafyonza jani hadi linakuwa la vumbi. Badala ya kumimina dawa kila wiki wanaachia utitiri mwingine unaokula ule wa kwanza. Binti alifungua chupa yenye machujo makavu, akanitilia kidogo kiganjani, akaniambia nitulie. Machujo yakaanza kutembea. Vidudu vya rangi ya machungwa, vyepesi, vinakimbia kana kwamba vinajua vinakokwenda. Kisha akanyunyiza vilivyobaki juu ya majani kwa vidole vitatu, kama anayetia chumvi kwenye mchuzi.

Dawa bado inapigwa, hasa ya ukungu. Banda likipigwa, mlangoni kunatundikwa kibao chekundu chenye saa ya kuruhusiwa kuingia. Mama wa Kimeru aliniambia kwamba shamba alilofanya kazi zamani walikuwa wakiingizwa majani yakiwa bado yanatona, na kuna mimba zilizoharibika, na hakuna aliyeuliza. Alisema haya akiendelea kuhesabu ndoo. Wanawake ndio wengi kwenye kazi hii, na kikundi chetu kikifika mahali pa kuajiri hata mtu mmoja, kibao kile nitakipaka rangi mwenyewe.

Nimerudi na mawaridi yangu mawili yaliyokataliwa. Mdogo wangu ameyaweka kwenye chupa mbili dirishani: moja amelitia maji ya simtanki, jingine maji ya bomba. Nilimwambia kwamba bwana shamba ameniambia floraidi inaunguza maua pia, na kwamba wao maji ya ndoo wanayavuna kwenye mapaa. Tuone.

Jumatano, Tengeru

Siku ya soko. Tengeru inajaa Jumatano na Jumamosi, na leo barabara ilikuwa migomba mitupu na matoroli ya parachichi. Nimepita kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tengeru, kisha ofisi za watu wa kilimo cha bustani, maana Arusha ndiko lilikozaliwa shirika la TAHA mwaka 2004, la kuwaunganisha wakulima wa maua, mboga, matunda na viungo. Nimeambiwa mambo mengi, mengine ya karatasi tu. Lililonifaa ni hili: kuna maua yasiyohitaji banda la plastiki. Wanayaita maua ya kiangazi. Yanapandwa uwanjani, yanakatwa kwa msimu, yanatumika kujazia shada: eringiamu yenye miba na rangi ya buluu, ami yenye kichwa cheupe kama mwavuli wa karoti iliyotoa maua. Kenya wakulima wadogo wanayalima kwa mkataba na mnunuzi anayekusanya. Mtaji wake si wa kutisha. Lakini nayo yanataka jua, na yanataka gari la baridi lifike mwisho wa barabara yenu.

Ofisa mmoja alinikumbusha ua la Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani kimmea chenye ua la zambarau kilichoota kwenye miamba ya milima hiyo. Leo kiko madirishani dunia nzima, Wajerumani wanakiita Usambaraveilchen, na Lushoto hakijaleta hata senti. Limeniuma kuliko nilivyotarajia.

Usiku, tukiwa tunakula loshoro nje, niliona ng'ambo ya barabara mabanda yanawaka taa kama hospitali. Mdogo wangu akaniambia ni shamba la miche ya krisanti. Jirani yake anayefanya kazi humo akatoka kunisalimu, akanieleza. Krisanti hutoa maua usiku unapokuwa mrefu, na hapa kwetu karibu na ikweta usiku ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Basi wanauvunja usiku kwa taa, mmea unadhani giza ni fupi, unaendelea kutoa vichipukizi tu. Vichipukizi hivyo wanavivunja kwa mkono, urefu wa kidole, wanavifungasha kwenye mifuko, vinakwenda Uholanzi kupandwa na kuota mizizi huko. Yeye ana miaka minane kwenye kazi hiyo.

"Ua lake lina rangi gani?" nikamuuliza.

"Kuna jina kwenye kibao, dada. Mengine yameandikwa nyeupe, mengine njano. Lenyewe sijawahi kuliona limefunguka."

Alhamisi, kufuata maji

Leo ni siku ya swali la bibi.

Asubuhi nimeonyeshwa bwawa la shamba, limetandikwa turubai jeusi, na mirija ya matone inayokwenda kwenye kila tuta. Hekta moja ya mawaridi siku ya jua kali inakunywa kama mita za ujazo 40 hadi 60. Nilizigeuza kuwa ndoo za lita 20, nikapata ndoo 2,000 hadi 3,000 kwa siku. Nikarudia hesabu, ikawa ileile.

Mchana nikashuka na bodaboda kuelekea tambarare. Mto uliokuwa na kelele kule juu ukawa mwembamba, kisha ukawa madimbwi, kisha mchanga wenye nyayo za ng'ombe. Nilimkuta mzee mmoja kwenye mlango wa mfereji, nikamwamkia, akanipisha kwenye gogo alilokalia. Zamu yake ya maji ni kila baada ya siku tisa, na zamu ya leo haijaja. Hakulaumu maua peke yake. Alihesabu kwa vidole: mashamba makubwa, mji unaokua, misitu iliyokatwa, na sisi wenyewe tulioongezeka. Vibali vya kuchota vinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao Moshi, kwa sababu mito yote hii inakusanyika Kikuletwa na kushuka Nyumba ya Mungu. "Lakini kibali hakinyeshi mvua," akasema.

Kilichonikaa moyoni ni kalenda. Soko kubwa kuliko yote la waridi jekundu ni siku ya wapendanao, tarehe 14 Februari. Ili maua yawe mnadani kwa wakati, yanakatwa kuanzia mwishoni mwa Januari hadi karibu tarehe 8 Februari, na ili yawe tayari kukatwa siku hizo, mashina yanapogolewa mapema Desemba. Kwa hiyo ua linakunywa sana kuliko wakati wowote vuli ikiwa imekwisha na masika haijaja. Mfongo wetu wa Uru, ambao zamani ulikuwa na mzee wake wa kugawa na kila ukoo ulijua saa yake, Januari unatosha nyumba na mifugo, na hapo ni kama hakuna aliyeuziba juu kwa magogo. Bibi aliona mbali.

Nikirudi nilipita shamba lililofungwa. Mbao zimesimama, plastiki imechanika na kupepea kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba, na katikati kuna mahindi ya mtu. Walinzi wawili waliniambia kwamba siku zake palikuwa na mabasi ya kuleta wafanyakazi. Mshahara wa miezi ya mwisho haukulipwa.

Ijumaa, bandani na barabarani

Chumba cha kufungashia ni kama darasa lenye meza ndefu. Kila shina linalazwa kwenye ubao wenye alama za sentimita: 40, 50, 60. Majani ya chini yanapukutwa, mashina 20 ya urefu mmoja yanakusanywa vichwa vikiwa sawa, yanazungushiwa karatasi ngumu yenye mawimbi, yanapigwa raba. Wanawake hawa hawatazami ubao tena. Mmoja alinipa shina, akaniuliza lina urefu gani, nikasema 50, akaliweka kwenye 60 bila kulipima, nikalipima mimi: 60.

Mwishoni mwa meza kuna anayefungua tumba moja moja la sampuli akitafuta funza. Kuna nondo ambaye funza wake hujificha ndani ya tumba la waridi, na Umoja wa Ulaya haumtaki kabisa mipakani kwake. Akionekana mmoja, mzigo wote unaweza kuteketezwa. Nondo huyohuyo anakula parachichi na pilipili hoho, na vihamba vyetu vimejaa miparachichi. Hili sikuwa nimelisikia popote kabla ya leo. Mkaguzi wa mamlaka ya afya ya mimea, yenye makao Ngaramtoni, asiporidhika hakuna cheti, na bila cheti hakuna safari.

Bwana shamba akanieleza mnada. Mimi najua mnada wa kahawa Moshi: wanunuzi wanapandisha, wa juu anachukua. Mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi, ni kinyume. Bei inaanza juu na kushuka kwenye saa ya umeme, sekunde kwa sekunde, na wa kwanza kubonyeza ndiye aliyenunua. Ukisubiri ishuke zaidi, mwenzio kachukua. Wote mkisubiri, mkulima kaumia. Nauli ya ndege inalipwa kwa kilo, ua liuzike lisiuzike. Halafu akaongeza kitu ambacho ningetaka kila mama wa kikundi akisikie kwa masikio yake: "Kahawa ikikosa bei unaiweka ghalani. Hili utaliweka wapi?"

Saa kumi jioni tukaondoka na shemeji. Hatukwenda KIA. Nilipomuuliza aliniambia ndege za abiria zinazopita pale hubeba kidogo tumboni, lakini ndege za mizigo zinazobeba maua kila siku, na bei nafuu kwa kilo, ziko Nairobi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maua ya Arusha imezoea kuvuka mpaka wa Kenya pale Namanga. Tukapita Ngaramtoni, Oldonyo Sambu, mlima wa Longido upande wetu wa kulia umekuwa mweusi na jua limezama. Kwenye dashibodi kuna kipimo kidogo cha joto la bodi: 3.

Shemeji ana miaka mingi barabara hii. Alinisimulia Aprili 2010, volkano ya Iceland ilipomwaga majivu na anga ya Ulaya ikafungwa karibu wiki nzima. Mawaridi yalijaa vyumba vya baridi hadi hakuna pa kukanyaga, kisha yakamwagwa shimoni, na ng'ombe wa jirani wakala siku tatu. Machi 2020 ikawa tena, safari hii korona, mnada ukaanguka ndani ya siku chache. "Nilirudi na mzigo kutoka mpakani," alisema. "Sijawahi kurudi na mzigo mzima kabla ya siku ile."

Namanga kuna kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa 2018, na siku nzuri mambo ni mafupi: ofisa wa Tanzania na wa Kenya jengo moja. Leo haikuwa siku nzuri. Aliyeandika karatasi zetu alikosea tarakimu, ikasomeka masanduku 421 badala ya 412. Ikabidi milango ifunguliwe, yahesabiwe. Usiku wa Namanga una joto. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikitazama kipimo kile. 4. 5. Nikashuka kuuliza kama wanamaliza, nikaambiwa nisubiri. 7. Masanduku yalikuwa yanapita mbele ya taa, nami nikayafikiria yale mashina niliyoyaona yakilazwa kwenye ubao asubuhi, yaliyokatwa na kidole kile chenye vialama. 9. Shemeji akaja mbio, akafunga milango, akaweka rakiri mpya. Ilichukua zaidi ya saa moja kurudi 3, na tayari yule mama wa Kimeru alikuwa amepoteza siku moja ya ua lake bila kujua.

Shemeji akaendelea, kilomita 160 na ushei hadi Nairobi. Mimi sikuwa na ruhusa ya kuvuka. Nimelala gesti, feni ikilia.

Jumamosi, kurudi

Noah ya alfajiri hadi Arusha, watu kumi na mmoja na mbuzi mmoja. Shemeji amepiga simu: mzigo umefika, umepokewa, kuna masanduku machache yamewekewa alama.

Dirishani kwa mdogo wangu, waridi la maji ya mvua limefunguka lote, zuri mno. La maji ya bomba limekunja ncha za petali na majani yake yana ukingo wa kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Chupa zilezile, dirisha lilelile, siku nne.

Jumapili, Uru

Niliyafunga yote mawili kwenye gazeti lililolowa nikapanda nayo. Baada ya ibada nimesoma daftari tangu ukurasa wa kwanza, pamoja na ile hesabu ya Jumatatu ya kwamba jioni liko angani. Hakuna aliyenikatiza hadi nilipofika kwenye ndoo 3,000. Hapo yule mwenzetu wa picha akasema, "Kwa hekta moja?" Nikamwambia kwa hekta moja, kwa siku moja.

Nimewaambia ninavyoona. Mawaridi si yetu: hatuna jua la kutosha, hatuna maji Januari, hatuna chumba cha baridi, na barabara yetu ikinyesha hata pikipiki inalala. Kibuni hata kimoja kisiguswe. Lakini pale juu karibu na shule, ambapo mibuni ilikufa kwa ugonjwa miaka iliyopita na pamebaki wazi na jua linapiga, kuna kama robo eka. Tujaribu maua ya kiangazi hapo, kwa sharti kwamba mnunuzi aje kwanza, aone barabara, aseme gari lake litafika wapi na saa ngapi, na asaini kabla hatujatia mbegu. Akikataa kusaini, tunapanda njegere. Wengine walitaka tuanze kesho. Tumepiga kura: 17 wamekubali tusubiri mkataba, 6 wamekataa.

Bibi alikuwa ameyashika mawaridi yale mawili, moja kila mkono. Akalirudisha lile lililoungua mezani, hili zima akampa mjukuu wake alipeleke madhabahuni. Kisha akauliza ni nani mara ya mwisho aliyepanda hadi kwenye banio la mfongo. Hakuna aliyejibu. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfongo, ni Jumanne saa moja, kila nyumba mtu mmoja na jembe lake.